Goti la nyota likiumia: timu ya chuo inapoteza nini, na inajipangaje upya

Tarehe 5 Desemba 2021 UConn, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walikuwa wameshamaliza kazi dhidi ya Notre Dame. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, nyota wao Paige Bueckers akaanguka akiwa anapandisha mpira. Vipimo vikaonyesha ufa kwenye sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, pale unapokutana na goti, na meniska, gegedu la ndani ya goti, iliyochanika. Siku nne baadaye timu hiyohiyo ikaenda Atlanta ikafungwa 57–44 na Georgia Tech, ambao hawakuwamo kwenye orodha ya timu 25 bora za nchi. Mara ya mwisho UConn kufungwa na timu isiyo kwenye orodha hiyo ilikuwa 2012.

Zitazame hizo pointi 44. Ukiondoa wastani wa mchezaji mmoja kwenye hesabu ya timu kubwa kama ile, hushuki hadi 44. Kuna kingine kilichoondoka naye, na timu nyingi hukijua wakati zimeshapoteza michezo mitatu au minne.

Mchezo wa wanawake wa vyuo Marekani ni robo nne za dakika 10, na kila timu hushika mpira kama mara 70. Nyota wa kiwango hicho humaliza karibu theluthi moja ya mashambulizi anapokuwa uwanjani: anarusha, anafanyiwa faulo, au anapoteza mpira. Hayo ni mashambulizi 20 hivi yanayohitaji mwenyewe mpya. Halafu kuna walinzi wawili waliokuwa wakimkimbilia yeye. Mrushaji wa pembeni aliyekuwa akiachwa wazi kwa sababu mlinzi wake amekwenda kusaidia, leo anarusha na mkono wa mtu uko usoni pake. Asilimia yake inashuka, watu wanasema amepoteza ujasiri. Ujasiri wake uko palepale. Ni mitupo anayoipata ndiyo iliyobadilika, na kocha asiyeliona hilo ataanza kumtibu ugonjwa asio nao.

Tukio lenyewe uwanjani ni fupi, lakini makosa ya dakika zile hukaa muda mrefu. Mchezaji asiinuliwe haraka. Mtabibu wa timu anataka kulipima goti mapema, kabla misuli haijakaza na maumivu hayajaficha ulegevu wa ligamenti. Wenzake waondolewe, wapelekwe benchi, kwa sababu sauti yake ya maumivu wakiisikia kwa karibu wataibeba hadi robo ya nne. Na kocha anapopata hizo dakika mbili za kusimama, asihutubie. Achague shambulizi moja ambalo kila mtu analijua usingizini na amtaje atakayepandisha mpira.

USC, Chuo Kikuu cha Southern California, walifanya hivyo Machi 24, 2025. Nyota wao JuJu Watkins aliumia goti kwenye robo ya kwanza ya raundi ya pili ya mashindano ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, nyumbani Los Angeles, dhidi ya Mississippi State. Mpira ukaelekezwa ndani kwa Kiki Iriafen, akafunga pointi 36, wakashinda 96–59. Ila usiku wa kwanza hudanganya. Hasira na huruma vinabeba miguu kwa jioni moja. Kwenye raundi ya timu 16 USC waliipita Kansas State 67–61 kwa jasho, na kwenye robo fainali UConn wakawatoa 78–64. Pointi 96, kisha 67, kisha 64: wapinzani nao walikuwa wakiongezeka ugumu, lakini mteremko wa aina hiyo ndio wa kuutarajia.

Baada ya mchezo swali ni moja tu, na hakuna anayepaswa kulijibu kabla ya picha ya MRI. Goti likivimba ndani ya saa chache, mara nyingi kuna damu ndani ya kiungo, na hapo ligamenti ya mbele, ACL, inashukiwa kwanza. Kwa wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, hatari ya kuchanika ACL huwa mara kadhaa ya ile ya wavulana. Kusema mbele ya kamera "tunatumaini atarudi wiki ijayo" kunawapa wachezaji tarehe ya uongo, na tarehe hiyo ikivunjika wanaumia mara ya pili. Taarifa za afya ni mali ya mchezaji. Anaanza kuambiwa yeye, kisha wazazi wake, kisha kocha kwa ridhaa yake, kisha timu, na umma unakuja mwisho. Kosa la kila mwaka ni timu kusoma habari kwenye simu wakiwa bafuni. Kikao cha dakika 10 kabla ya taarifa kutolewa kinazuia hilo.

Kugawa kazi ya mtu mmoja

Kosa kubwa la wiki ya kwanza ni kutafuta mbadala. Kocha anamtazama mchezaji wake wa pili kwa ubora na kumkabidhi yote. Huyo sasa anakutana na mlinzi bora wa wapinzani, anakabwa na wawili, anapandisha mpira, na bado anatakiwa kukaba upande wa pili. Baada ya wiki mbili unakuwa na wachezaji wawili walioumia, mmoja kwenye magongo na mwingine kwenye takwimu.

Njia inayofanya kazi ni kuivunja kazi ya nyota vipande vipande kwa kutumia video ya michezo yake mitano au sita ya mwisho. Nani alipandisha mpira mbele ya presha? Nani alicheza skrini (mwenzake kumzibia mlinzi njia) na senta, mchezaji mrefu wa ndani? Mitupo ya sekunde tano za mwisho za saa ya kurusha, muda ambao timu lazima iwe imerusha, ilikuwa ya nani? Faulo zilipatikanaje? Nani alimkaba mlinzi bora wa wapinzani? Mara nyingi majibu yote ni jina moja, na hapo ndipo unaelewa ukubwa wa shimo. Kila kipande kipewe mtu wake. Kupandisha mpira wape wawili, ili wapinzani wakimkaba mmoja uwanja mzima, mwingine awe wazi kupokea. Mitupo ya kulazimishwa, ile ya saa inapokaribia kuisha, ndiyo ngumu kuigawa. Bora iwe shambulizi lililopangwa kwa senta kuliko kumwachia mlinzi abahatishe.

Notre Dame wa msimu wa 2017–18 ndio mfano ninaoupenda, kwa sababu wanaonyesha pia gharama yake. Wachezaji wanne walikuwa nje kwa ACL: Brianna Turner, Mychal Johnson, Mikayla Vaughn na Lili Thompson. Thompson alipoumia, Marina Mabrey akahamishwa kuwa pointi gadi, yaani mpandisha mpira na mwongoza mashambulizi. Januari 11, 2018 Louisville wakawafunga 100–67. Mtu angezima televisheni siku ile angesema msimu umekwisha. Aprili 1 timu hiyohiyo ilikuwa Columbus, Ohio, Arike Ogunbowale akirusha pointi tatu za mwisho kuwafunga Mississippi State 61–58 na kuchukua ubingwa. Walikuwa na miezi mitatu ya kukosea na kurekebisha.

Muda huo ndio ambao Stanford hawakuwa nao 1998. Kristin Folkl na Vanessa Nygaard waliumia ACL muda mfupi kabla ya mashindano. Machi 14, kwenye uwanja wao wenyewe, wakiwa wamepangwa namba 1 kati ya timu 16 za kanda yao ya mashindano, walifungwa 71–67 na Harvard, namba 16, ya mwisho, huku Allison Feaster akifunga pointi 35. Mwaka 2024 Virginia Tech walimpoteza Elizabeth Kitley, senta wao, Machi 3, mwisho kabisa wa msimu wa kawaida. Walibaki na nafasi ya kuwa wenyeji wa raundi mbili za kwanza, lakini Baylor wakawatoa 75–72 hukohuko Blacksburg.

Kwa hiyo tarehe ya jeraha inaamua mpango. Likitokea Novemba au Desemba, jenga mfumo mpya na ukubali kufungwa Januari. Likitokea Machi, mfumo mpya ni ndoto. Chukua mashambulizi matatu au manne kutoka kwenye yale yaliyopo, ambayo hayakumtegemea nyota, na badilisha kasi. Saa ya kurusha ni sekunde 30. Ukitumia zaidi ya 20 kila mara, mchezo wa mashambulizi 72 unashuka hadi 64 hivi, na timu iliyo dhaifu kwa usiku ule inapata nafasi nzuri zaidi mchezo ukiwa mfupi. Unachosha macho ya mashabiki, ni kweli. Watakusamehe ukishinda.

Dakika, na jeraha la pili

Huku ndiko timu nyingi zinakofia. Nyota alikuwa akicheza dakika 35. Ukizigawa kwa watatu kati ya waliobaki wa kikosi cha kwanza, kila mmoja anaongezewa 11 na ushee, na mwili uliozoea dakika 26 unapelekwa 37 bila matayarisho. Wiki ya tatu kifundo kinateguka, wiki ya tano msuli wa paja.

UConn walipitia hayo msimu wa 2022–23. Bueckers alichanika ACL Agosti 2022, kabla ya mpira wa kwanza wa msimu. Azzi Fudd akaumia goti mapema Desemba. Lou Lopez Sénéchal, Nika Mühl na Aaliyah Edwards wakabebeshwa mzigo wa dakika, na wengine wakaendelea kuanguka mmoja mmoja hadi mchezo wa Januari 8 dhidi ya DePaul ukaahirishwa, kwa kuwa hawakufikisha wachezaji saba wenye ufadhili, kima cha chini cha ligi ya Big East. Februari wakafungwa na South Carolina na kisha Marquette, vipigo viwili mfululizo kwa mara ya kwanza tangu 1993. Machi Ohio State wakawatoa kwenye raundi ya timu 16, na mfululizo wa kufika nne bora mara 14 ukaishia hapo.

TCU walifika mbali zaidi. Walianza msimu wa 2023–24 kwa ushindi 14 bila kufungwa, kisha majeraha, likiwemo la Sedona Prince kwenye kidole, yakawaacha bila watu wa kutosha. Januari 2024 waliachia michezo miwili, dhidi ya Kansas State na Iowa State, na kutangaza majaribio ya wazi kwa wanafunzi wa chuo ili wapate watu wa kujaza benchi. Wengine walicheka. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa watu wazima: kupoteza michezo miwili mezani kuliko kupoteza magoti mengine mawili uwanjani.

Kuna mbinu ndogo za kuokoa dakika. Michezo inayoonyeshwa kwenye televisheni ina mapumziko ya matangazo mpira unaposimama kwa mara ya kwanza baada ya saa kufika dakika ya 5 ya kila robo. Mtoe mchezaji wako ikiwa imebaki 5:40, mrudishe baada ya matangazo: amekosa sekunde 40 hivi za mchezo na amepumzika dakika tatu au zaidi. Fanya hivyo kila robo, na mwishoni mwa robo pia. Weka dari ya dakika 34 na umkabidhi msaidizi mmoja kazi ya kuhesabu, kwa maana kocha mkuu aliye nyuma kwa pointi nne haoni saa.

Faulo ni hivyohivyo. Mchezaji hutolewa kwa faulo ya tano, na faulo ya tano ya timu katika robo inawapa wapinzani mitupo miwili ya bure. Benchi likiwa fupi, ulinzi wa mtu kwa mtu wa kubana unakuwa anasa. Zoni ya 2–3, kila mtu akilinda eneo lake, wawili mbele na watatu nyuma, kwa robo ya pili na ya tatu inalinda miguu na faulo pamoja. Utakula pointi tatu kadhaa kutoka pembeni, na utapoteza ribaundi, mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, kwa sababu kwenye zoni hakuna anayejua wazi amzuie nani. Lipia bei hiyo.

Mazoezini, timu za wanawake za vyuo zina bahati ya wachezaji wa kiume wa mazoezi, wanafunzi wa kawaida wanaoigiza wapinzani. Wakati huu waongezewe kazi. Wakabane wao kwa wao huku kikosi kikijifunza mpangilio kwa kutembea. Sheria inaruhusu saa 20 kwa wiki na zisizozidi 4 kwa siku wakati wa msimu. Timu yenye watu wanane isizitumie zote.

Yule aliye kwenye magongo

Nyota aliyeumia bado yumo kwenye timu, na mahali anapokaa watu wote wanapaona. Akifichwa kwenye chumba cha tiba, wenzake wanamwonea haya na kuacha kumwita. Akilazimishwa kuwa benchi akitabasamu kila mchezo, anachoka kuigiza. Mpe kazi halisi yenye matokeo: awe anaandika ni skrini zipi wapinzani wanabadilishana walinzi, na amwambie pointi gadi wakati wa mapumziko. Saa zake za fizio zipangwe ziende sambamba na mazoezi ya timu, kwenye ukumbi uleule pale inapowezekana, na apewe ruhusa ya kukosa siku bila kutoa sababu. Safari za ndege siku chache baada ya upasuaji aziamue daktari, maana kuganda kwa damu mguuni si jambo la kubahatisha.

Kuhusu moyo, mengi husemwa juu ya huzuni na machache juu ya wivu. Mchezaji aliyechukua nafasi anang'ara, ukumbi unamshangilia, na aliyeumia anajikuta akitamani akosee. Ni hisia ya kawaida kabisa. Yule mwingine naye anaona aibu kufurahia dakika alizozitamani miaka miwili. Wote wawili wanahitaji mshauri wa nafsi asiyepanga kikosi.

Na mbadala akishaiva haondoki. Olivia Miles wa Notre Dame aliumia goti Februari 2023 na kukosa msimu wote wa 2023–24. Hannah Hidalgo akaingia mwaka wake wa kwanza, akashika usukani, na timu ikatwaa ubingwa wa mashindano ya ligi yao ya ACC. Miles aliporudi hapakuwa na kiti tupu kinachomsubiri. Ilibidi wawili wagawane mpira. Mazungumzo hayo yaanze miezi kabla, wakati bado anakimbia kwenye mashine.

Karatasi nazo zina tarehe zake. Mchezaji anaweza kurudishiwa msimu wake wa kucheza chuoni kwa sababu ya jeraha iwapo limetokea nusu ya kwanza ya msimu, limemaliza msimu wake, na hajacheza zaidi ya michezo 3 au asilimia 30 ya ratiba, kipi ni kikubwa. Kwa michezo 29, asilimia 30 ni 8.7, na sehemu hupandishwa: michezo 9. Kwa hiyo anayejaribu "kucheza kidogo tu" mchezo wa 10 akiwa na goti bovu anaweza kuuchoma mwaka mzima. Aliyeumia Machi, kama Watkins, hana msimu wa kurudishiwa. Alikaa nje msimu uliofuata wa 2025–26.

Vyuo vya daraja la kwanza haviruhusiwi kumnyang'anya mchezaji ufadhili kwa sababu ya jeraha, na tangu Agosti 2024 vinatakiwa kugharimia matibabu ya majeraha ya michezo hadi angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka. Omba maelezo kwa maandishi, hasa nani analipa fizio ya nje ya chuo na maoni ya daktari wa pili. Mikataba ya matangazo isomwe upya siku hizohizo: mingine hulipa kwa kuonekana tu, mingine kwa kucheza. Bima ya kupoteza kipato hununuliwa kabla ya kuumia. Baada ya hapo mlango umefungwa. Na mchezaji aliye Marekani kwa viza ya mwanafunzi asiache masomo kienyeji ili apone. Kupunguza mzigo wa masomo kwa sababu ya ugonjwa kunaruhusiwa, lakini barua ya daktari iende kwanza kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ruhusa itoke kabla hajaacha somo hata moja.

Upasuaji wa ACL wenyewe haukimbiliwi. Madaktari wengi husubiri uvimbe upungue na goti linyooke kabisa, maana goti linaloingia likiwa limekakamaa hutoka limekakamaa. Kurudi uwanjani ni miezi 9 au zaidi, na kalenda peke yake haitoshi. Nguvu ya msuli wa mbele wa paja ifike angalau asilimia 90 ya ile ya mguu usioumia, miruko ya mguu mmoja ilingane, kisha mazoezi ya kubanwa kwa wiki kadhaa. Shinikizo hutoka pande zote, na mara nyingi linatoka kwa mchezaji mwenyewe. Uamuzi wa mwisho uwe wa daktari asiyelipwa kwa ushindi.

Mchezo wa kwanza wa kurudi usiwe mkubwa. Bueckers alirudi Februari 25, 2022 dhidi ya St. John's, akitokea benchi, na mwezi mmoja baadaye alifunga pointi 27 kuwatoa NC State 91–87 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Anza na dakika 12 hadi 15 zilizogawanywa vipande vya dakika tatu au nne, uzitangaze kwake na kwa benchi kabla ya mchezo, na usiziongeze hata mkiwa nyuma kwa moja. Mashambulizi yaliyojengwa bila yeye yaendelee wakati yupo, na vipande vya kazi yake arudishiwe kimoja kimoja, mitupo ya mwisho ikiwa ya mwisho kabisa. Anayepoteza dakika kwa ajili yake aambiwe siku mbili kabla, ana kwa ana, na aambiwe idadi.